Je, Wajua? "Usihukumu" Imeandikwa Wapi

Je, wajua kwamba msemo wa "usihukumu usije ukahukumiwa", ule ambao mtu huutoa mfukoni haraka pindi anapoambiwa kosa lake, haumo kwenye kitabu cha Mithali? Wengi huanza kuutafuta huko kwa sababu una mdundo wa methali. Upo Mathayo 7:1, mwanzoni mwa sura ya mwisho ya Hotuba ya Mlimani.

Una pacha wake, Luka 6:37. Mathayo anamketisha Yesu mlimani, Luka anamteremsha hadi mahali tambarare, kisha anaongeza habari ya kutolaumu na ya kusamehe. Marko naye ana kipande chake katika 4:24, kile cha kupimiwa kwa kipimo unachopimia wengine. Ila kwa Marko kipimo hicho kinahusu namna mtu anavyosikiliza, si namna anavyohukumu.

Je, wajua kwamba wasomi wengi wa Agano Jipya wanaamini Mathayo na Luka waliyachota maneno haya kwenye maandishi ya zamani zaidi ambayo hakuna mtu aliyewahi kuyaona? Wameyapa jina la herufi moja tu, Q, kutokana na neno la Kijerumani lenye maana ya chanzo. Hakuna ukurasa wake uliowahi kupatikana, wala kipande. Yamejengwa upya kwa kulinganisha mahali Injili hizo mbili zinapofanana huku Marko akiwa kimya. Nawaonea huruma wanafunzi wa theolojia wanaofanya mtihani wa kitabu kisichoshikika.

Paulo alitangulia kuandika. Kwa hesabu ya wasomi wengi, barua yake kwa Warumi ni ya miaka ya 50, kabla Injili ya Mathayo haijaandikwa, na ndani yake, 2:1, anamwambia anayemhukumu mwenzake kwamba anajihukumu mwenyewe kwa kuwa anatenda yaleyale. Mwishoni mwa karne hiyo Kanisa la Roma liliwaandikia Wakristo wa Korintho barua inayojulikana kwa jina la Klementi. Mwandishi anamnukuu Yesu juu ya kuhukumu kwa mfululizo wa sentensi fupifupi ambazo hazilingani na Mathayo wala Luka. Inaelekea maneno hayo yalikuwa yakitembea midomoni mwa watu, yakifundishwa kwa kukariri.

Je, wajua kwamba mwandishi wa Mathayo asingekuelewa kama ungemwambia "saba moja"? Sura za Biblia tulizo nazo huhesabiwa kuwa kazi ya Stephen Langton, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury na kufariki mwaka 1228. Mistari ya Agano Jipya ilipewa namba na mchapaji Mfaransa Robert Estienne katika toleo lake la Kigiriki la mwaka 1551. Mwanawe alisimulia kwamba baba yake aliifanya kazi hiyo akiwa safarini kutoka Paris kwenda Lyon, na baadaye wakosoaji walimtania kwamba kila farasi alipojikwaa, kalamu nayo iliruka. Utani huo una chembe ya haki. Namba zilirahisisha kutafuta, na zilirahisisha pia kung'oa sentensi moja na kuwaacha jirani zake nyuma.

Je, wajua mtu alitafutaje mstari wa Biblia kabla ya simu kuwa na kila kitu? Alifungua itifaki, kitabu kinachopanga maneno ya Biblia kwa alfabeti na kuonyesha kila neno lilipo. Ya kwanza iliandaliwa na watawa Wadominiko wa Paris karibu na mwaka 1230, chini ya Hugh wa Saint-Cher. Kwa kuwa mistari ilikuwa haijahesabiwa, waligawa kila sura katika vipande vya herufi, kuanzia A.

Iliyovuma zaidi kwa Kiingereza ni ya Alexander Cruden, mzaliwa wa Aberdeen, msahihishaji wa miswada na muuza vitabu wa London. Aliitoa mwaka 1737, akamkabidhi nakala Malkia Caroline akitarajia zawadi nono. Siku chache baadaye malkia akafariki, na zawadi ikaenda naye. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni mwenendo wa Cruden baada ya hapo. Alifungiwa zaidi ya mara moja katika nyumba za wagonjwa wa akili, kisha akajipa cheo cha "Alexander Mrekebishaji" na kuanza kuzunguka mitaani akiwakemea wanaotukana na wanaoivunja Sabato. Alibeba sponji ya kufutia maandishi ya ukutani asiyoyapenda. Aliomba hata Bunge limtambue rasmi kuwa mrekebishaji wa taifa. Kwa hiyo kitabu kilichowasaidia mamilioni kupata mahali palipoandikwa "usihukumu" kilitungwa na mtu aliyejiajiri kuhukumu London nzima.

Je, wajua kinachofuata baada ya 7:1? Watu wengi husimama hapo, na hapo ndipo penye kasoro. Mstari wa 2 unaleta kipimo. Wa 3 hadi wa 5 inaleta kibanzi kilicho katika jicho la ndugu yako na boriti iliyo katika jicho lako, na agizo linalomalizia si kwamba ukiache kibanzi cha ndugu yako palepale. Ni kwamba utoe boriti yako kwanza, ndipo uone vizuri na ukitoe kile cha mwenzako. Kazi ya kumsaidia ndugu bado ipo, foleni tu ndiyo iliyobadilika. Kisha unakuja wa 6, ambao anayependa 7:1 hausomi kabisa: kitu kitakatifu wasipewe mbwa, lulu wasitupiwe nguruwe. Mtu atamjuaje nguruwe bila kupima? Na kuanzia wa 15 kuna manabii wa uongo, watakaotambuliwa kwa matunda yao. Sura moja hiyo. Ukiongeza Yohana 7:24, ambapo Yesu anaagiza watu wahukumu kwa haki badala ya kuhukumu kwa macho tu, na Walawi 19:15, ambapo Mwisraeli anaagizwa amhukumu jirani yake kwa haki bila kumpendelea maskini wala mkubwa, utaona kwamba anayetumia 7:1 kama ngao ya kuzuia kila swali ameazima nusu ya silaha.

Joseph Smith, mwanzilishi wa dini ya Wamormoni, aliiona shida hiyo. Katika miaka ya 1830, alipokuwa akiirekebisha Biblia ya Kiingereza kwa namna yake, aliuongezea mstari huo maneno ili ukataze kuhukumu kusiko kwa haki na uruhusu kule kwa haki. Ndiyo njia fupi ya kumaliza mjadala wa ufafanuzi: unaandika upya.

Kuhusu boriti, msomaji wa Lamu au Rufiji hahitaji mchoro. Ni ile miti ya mikoko iliyopakiwa majahazini kwa karne nyingi kwenda Oman na Ghuba yote kuezekea nyumba, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vya nyumba za mawe za Uswahilini viwe vyembamba, upana wa mita 3 hivi au pungufu. Sasa weka mti huo jichoni. Yesu wa Nazareti, aliyelelewa katika nyumba ya seremala, alikuwa akichekesha, na nadhani wasikilizaji wake walicheka. Sisi tunausoma mstari huo kanisani tumekunja nyuso. Mchoraji Mwitalia Domenico Fetti aliuelewa utani vizuri: katika picha yake ya karibu mwaka 1619, iliyoko Metropolitan Museum mjini New York, gogo la kweli linaonekana likielekea jichoni mwa mzee wa watu.

Je, wajua kwamba kibanzi hichohicho ndicho kilichofungua moja ya hazina kubwa za akiolojia? Mwanzoni mwa mwaka 1897 vijana wawili wa Oxford, Bernard Grenfell na Arthur Hunt, walianza kuchimbua majalala ya mji wa kale wa Oxyrhynchus nchini Misri. Siku za mwanzo kabisa Hunt alikunjua kipande cha mafunjo kilichosinyaa, akaona neno moja la Kigiriki ambalo halipatikani ovyo: kibanzi. Akakumbuka Mathayo. Walipolisafisha jani lile wakakuta mfululizo wa misemo ya Yesu, mingine haipo katika Injili yoyote waliyoijua, na wa kwanza unaosomeka ni mkia wa habari ya kutoa kibanzi katika jicho la ndugu. Waliuchapisha mwaka huohuo. Jani hilo, lililoandikwa karibu na mwaka 200, ndilo namba 1 katika orodha ya mafunjo ya Oxyrhynchus, ambayo imeendelea kuchapishwa mpaka leo. Ilibidi dunia isubiri hadi Desemba 1945, wanakijiji walipofukua mtungi wenye vitabu vya Kikopti karibu na Nag Hammadi, hukohuko Misri, ndipo baadaye wasomi wakatambua kwamba jani la Hunt lilitoka katika Injili ya Tomaso. Kibanzi na boriti ni msemo wa 26 humo.

Marabi nao walikuwa na boriti yao. Talmudi, katika mlango wa Arakhin, inamtaja Rabi Tarfon, aliyeishi baada tu ya kizazi cha mitume, akilalamika kwamba hadhani kuna mtu wa zama hizi anayekubali kuonywa: mwambie atoe kibanzi machoni pake, atakujibu utoe boriti machoni pako. Ona jinsi mchezo ulivyogeuka. Kwa Yesu, boriti inamnyamazisha mkosoaji mwenye kiburi. Kwa Tarfon, boriti imekuwa jibu la mkaidi. Nikisikiliza mabishano ya siku hizi, Tarfon ndiye naona aliyetabiri.

Hillel, aliyekufa Yesu akiwa bado kijana, alifundisha kutomhukumu mwenzako hadi ufike mahali alipo yeye. Na Mishna ina kanuni ya kupimiwa mtu kwa kipimo alichopimia. Hayo yalikuwa mazungumzo ya nyumba moja.

Nenda kwa Waislamu utaikuta pia. Al-Bukhari, katika kitabu chake cha adabu kiitwacho al-Adab al-Mufrad, amepokea kutoka kwa Abu Hurayra kwamba mtu huona kibanzi katika jicho la nduguye akasahau gogo lililo katika jicho lake. Wapo pia waliosema hivyo bila kumjua Musa wala Mathayo: Horace, mshairi wa Roma aliyefariki mwaka 8 kabla ya Kristo, aliwacheka watu wanaozitazama aibu zao kwa macho yenye tongo na za rafiki zao kwa macho ya tai. Na sisi tuna nyani wetu, asiyeona kundule.

Je, wajua kwamba mojawapo ya hukumu kali za Agano la Kale aliitoa mtu dhidi ya nafsi yake bila kujua? Ni 2 Samweli 12. Nabii Nathani anamletea Mfalme Daudi kesi ya tajiri aliyepora mwanakondoo pekee wa maskini. Daudi anawaka, anatangaza kwamba tajiri huyo anastahili kufa na alipe mara nne. Nathani anamwambia kwamba tajiri ni yeye. Daudi alikuwa amemchukua mke wa Uria na kupanga Uria auawe vitani.

Sasa lile jiwe la kwanza. Kisa cha mwanamke aliyefumaniwa akizini, Yohana 8, ambamo Yesu anasema asiye na dhambi ndiye atangulie kumtupia jiwe, ndicho kinachoshindana na Mathayo 7 kwa kunukuliwa, na ni kitendawili. Hakimo katika nakala za mafunjo za zamani zaidi za Yohana. Hakimo katika Kodeksi ya Sinai wala ya Vatikani, zote za karne ya 4. Nakala ya Kigiriki ya zamani zaidi iliyo nacho ni Kodeksi ya Beza, ya karne ya 5 hivi, iliyoko Cambridge. Hata baada ya hapo kisa hakikutulia: nakala kadhaa zinakiweka mwishoni mwa Yohana, na kundi jingine linakihamishia Luka, baada ya 21:38. Ndiyo sababu Biblia nyingi za sasa hukifunga kwa mabano. Augustino wa Hippo, Mwafrika wa pwani ya Algeria ya leo, alikuwa na maelezo yake: wanaume wenye imani haba walikiondoa, wakiogopa wake zao wasije wakaona wamepewa ruhusa. Wasomi wengi hawamkubalii. Wanaona ni simulizi ya kale sana iliyochelewa kupata kitabu cha kukaa. Mimi naona maelezo ya Augustino yanatufundisha zaidi kuhusu waume aliowajua kuliko kuhusu nakala.

Na jiwe lenyewe lina sheria nyuma yake ambayo wanukuuji huiruka. Kumbukumbu la Torati 17:7 inaagiza mikono ya mashahidi ndiyo itangulie kumpiga mtu aliyehukumiwa kifo. Aliyeshtaki arushe la kwanza, ili damu iwe juu yake kama alidanganya. Kwa hiyo Yesu alikuwa akiwauliza mashahidi. Tena Walawi 20:10 inataka wazinzi wote wawili wafe, mwanamume na mwanamke. Huyu mama alifumaniwa papo hapo, kwa madai yao. Mwanamume alipitia mlango gani?

Je, wajua kwamba mhubiri bora wa Mathayo 7:1 alikuwa jambazi mstaafu? Abba Musa, anayeitwa Musa Mweusi au Musa Mhabeshi, alikuwa mtumwa, kisha kiongozi wa genge la wanyang'anyi, kabla ya kuwa mtawa katika jangwa la Sketi, leo Wadi El Natrun, Misri. Siku moja ndugu mmoja alikosa, baraza likaketi kumhukumu, Musa akakataa kwenda. Padri akamtumia mtu kumwambia kwamba wote wanamngoja. Akainuka, akajitwika mtungi unaovuja ukiwa umejaa maji, akaenda nao. Wakatoka kumlaki, wakimuuliza ni mambo gani hayo, baba. Akawajibu kwamba dhambi zake zinamwagika nyuma yake naye hazioni, na leo anakuja kuhukumu makosa ya mtu mwingine. Masimulizi mengine yanasema ni kapu la mchanga. Yule ndugu alisamehewa. Musa aliuawa na wavamizi wa jangwani karibu na mwaka 405, na Kanisa la Kikopti linamheshimu kama mtakatifu na shahidi.

Twende mbio kidogo. Shakespeare alichukua jina la mchezo wake Measure for Measure kwenye maneno ya kipimo. Ulioneshwa mbele ya Mfalme James tarehe 26 Desemba 1604, na unahusu mtawala mkali anayetaka kumkata kichwa kijana kwa uasherati huku yeye akimtaka dada wa kijana huyo kwa mabavu.

Abraham Lincoln aliuingiza msemo huu katika hotuba ya kuapishwa kwake mara ya pili, 4 Machi 1865. Alikuwa ameshangaa kwanza jinsi watu wanavyothubutu kumwomba Mungu awasaidie kula mkate wa jasho la wengine, yaani watumwa. Akamaliza kuhukumu, ndipo akasema tusihukumu. Alikuwa mwanasheria.

Leo Tolstoy aliuchukua bila punguzo. Katika kitabu cha imani yake cha mwaka 1884, ambacho serikali ya Urusi ilikipiga marufuku, alishikilia kwamba Yesu alikataza mahakama zenyewe, na majaji na magereza yake. Miaka 15 baadaye, riwaya yake ya Ufufuo ikafunguliwa kwa mistari ya Injili, ukiwamo ule wa kibanzi na boriti: bwana mkubwa anaitwa mahakamani kusaidia kuamua kesi, anakuta mshtakiwa ni msichana ambaye yeye mwenyewe alimharibia maisha.

Bob Marley hakuwa ametimiza miaka 18 alipotoa mojawapo ya nyimbo zake za kwanza kabisa, mwaka 1962, mjini Kingston, chini ya mtayarishaji Leslie Kong. Jina lake, Judge Not. Usihukumu.

Na Papa Fransisko, ndani ya ndege akirudi kutoka Brazil mwezi Julai 2013, aliulizwa kuhusu mapadri wenye mvuto wa jinsia moja. Alijibu kwamba kama mtu anamtafuta Bwana kwa nia njema, yeye ni nani hata amhukumu. Wengi walidhani ni sentensi mpya kabisa. Yakobo 4:12 inauliza hivyohivyo, ila inamuuliza msomaji.

Je, wajua kwamba "chukia dhambi, mpende mwenye dhambi" haimo ndani ya Biblia? Karibu kabisa nayo ni barua ya Augustino, tena yuleyule wa Hippo, aliyowaandikia watawa wa kike karne ya 5. Gandhi naye aliitumia katika tawasifu yake, na akaongeza kwamba ni rahisi kuielewa na ni nadra kuitenda.

Lakini "wa kunihukumu ni Mungu peke yake", inayopakwa nyuma ya magari na kuchanjwa mikononi, ina msingi. Mwanamuziki wa rap Tupac aliifanya jina la wimbo mwaka 1996. Kabla yake ni 1 Wakorintho 4, mstari wa 3 na wa 4, ambapo Paulo anasema hajali kuhukumiwa na wanadamu, hata nafsi yake haihukumu, anayemhukumu ni Bwana. Aliyeuchora mstari huo mkononi asigeuze ukurasa. Sura ya 5, Paulo huyohuyo anasikia kwamba kuna mtu kanisani anaishi na mke wa baba yake, na anawaandikia Wakorintho kwamba ameshamhukumu. Hakuwa hata Korintho. Alikuwa Efeso, ng'ambo ya bahari.